Sura ya Nne: Shahidi Asiyeingia Wodini

Kesi ilikuwa imeshahukumiwa kabla Mama Hadubini hajamaliza chai yake ya asubuhi. Mkuu wa wodi alipita kitanda hadi kitanda, akafika kile cha dirishani alicholazwa fundi mmoja, mpaka rangi wa magari, akafungua faili, akalifunga, akatangaza kwamba ni lukemia kali ya myeloidi, ile saratani ya damu isiyomsubiri mtu. Dawa zake zichanganywe mchana, alisema, mara tu saa ya kuona wagonjwa ikiisha. Manesi wakaitikia. Madaktari wadogo wakaitikia na kuandika. Mama Hadubini peke yake hakuitikia, na kwa kosa hilo akatazamwa kama mtu aliyekohoa katikati ya dua.

Jina hilo walimbandika manesi. Daktari huyu wa damu alikuwa hamwamini mtu, hati wala mashine mpaka aweke jicho lake mwenyewe kwenye kioo cha hadubini. Alilijua jina lake, akajifanya halijui, na wao wakajifanya hawajui kwamba analijua. Kazi iliendelea.

Sasa alikuwa maabara, amekunja mgongo juu ya tone la damu ya mpaka rangi lililopakwa kwenye slaidi, kile kipande chembamba cha kioo. Kilichomkera kilikuwa chembe nyeupe moja. Chembe za namna ile, askari wa mwili, kwa kawaida zina kiini kilichogawanyika mafungu matatu au manne. Hii ilikuwa na sita. Akasogeza slaidi. Akakuta nyingine ya sita. Akasogeza tena, akasonya.

Chembe zile alizifahamu kama mtu anavyoifahamu kanzu ya jirani. Ni alama ya njaa ya vitamini B12. Uboho, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, ukikosa vitamini hiyo hushindwa kuzikomaza seli zake. Zinavimba, zinabaki changa, zinajazana humo ndani, na msomaji mwenye haraka akizitazama anasema ni lukemia. Wahalifu wawili, sura moja. Ila hukumu zao ni mbali kama mbingu na ardhi. Wa njaa hutibiwa kwa sindano inayopatikana duka lolote la dawa. Wa lukemia hutibiwa kwa sumu ya siku nyingi inayofagia uboho wote, wema na wabaya. Ukimpiga mwenye njaa sumu ile, mwili uliochoka kiasi kile hauamki tena. Ukimpa mwenye lukemia vitamini ukakaa kungoja, lukemia haikai kungoja nawe. Kwa hiyo leo kabla ya jioni mtu wa kitanda cha dirishani angeweza kuuawa kwa haraka au kuuawa kwa kuchelewa, na Mama Hadubini alikuwa na seli kadhaa zenye mafungu sita, basi.

Akaenda nazo ofisini kwa Mkuu.

Mkuu alimsikiliza huku anatafuta miwani yake iliyokuwa kichwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika wagonjwa wengi kwa sababu dawa zilichelewa, na tangu hapo alikuwa hataki kusikia neno kungoja.

"Dokta, muuaji kakamatwa na kisu mkononi, wewe unatafuta aliyekinoa," alisema. "Mtu amevuta rangi na petroli tangu ujana wake. Uboho wake umejaa seli changa. Unataka nini tena, saratani ikuandikie barua?"

"Mafungu sita, Mkuu."

"Lukemia nayo huzaa seli za ajabu. Na hiyo B12 yako si tumeipima? Ikaja juu, juu kuliko mashine inavyoweza kusoma. Mwenye njaa ana ghala limejaa?" Akaipata miwani. "Tena unajua fika kwamba lukemia yenyewe huweza kuipandisha B12. Kila unacholeta kinaniunga mkono mimi."

Mama Hadubini alilijua hilo, na ndilo lililokuwa likimla. Akaulizia kile kipimo kikubwa cha kuzitambua seli kwa alama zilizo juu ya ngozi zao, ambacho sampuli yake ilipelekwa maabara ya mbali. Mkuu akasema jibu limekuja jana. Sampuli iliganda njiani. Hawakupima kitu.

"Nipe siku tatu."

"Sina siku tatu, na mgonjwa hana. Una mpaka wageni watoke." Akaivaa miwani. "Na ukija, njoo na kitu ninachoweza kukishika."

Akatoka na hasira zake, akaenda kumhoji mshukiwa.

Mpaka rangi yule gereji walimwita Brashi, ingawa miaka mingi ilikuwa imepita tangu ashike brashi. Alikuwa mtu wa bomba la kupulizia, na magari yaliyopita mikononi mwake yalirudi barabarani yakiona haya kwa kung'aa. Sasa yeye mwenyewe alikuwa amepauka. Viganja vyeupe, macho yana umanjano, mifupa ya mabega imetokeza kama kitundika nguo. Kando yake alikaa mkewe, mwanamke mwepesi wa maneno, anamenya chungwa ambalo wote wawili walijua halitaliwa.

Mama Hadubini akamwambia atoe ulimi. Ulikuwa mwekundu na laini, umelika kama kipande cha sabuni. Akamuuliza kama chakula kinamchoma. Brashi akasema hata chai ya vuguvugu anaisikia kama pilipili, akadhani ni mambo ya rangi. Kisha daktari akatoa ule uma wake wa chuma unaotetemeka ukigongwa, akaugonga, akauweka kwenye kifundo cha mguu.

"Unasikia nini?"

"Nasikia baridi ya chuma."

"Hakitetemeki?"

"Kinatakiwa kitetemeke?"

Mkewe akacheka kicheko kisicho na furaha. Akaeleza kwamba huyu bwana siku hizi akitoka nyumbani na kandambili mbili anarudi na moja, na ukimuuliza nyingine iko wapi anatazama mguu wake kwa mshangao kama anauona mara ya kwanza. Brashi akasema ni ganzi ya kusimama kwenye saruji kutwa. Moyoni Mama Hadubini alisema: lukemia haivui watu kandambili. Mishipa ya fahamu ya miguu iliyokufa ganzi hivyo ilikuwa kazi ya yule mhalifu mwingine.

Akafunua shuka. Kovu lilianzia chini ya kifua likashuka mpaka kitovuni, refu na kukuu. Kwenye faili iliandikwa kwamba mgonjwa alikatwa kidole tumbo.

"Nani alisema kidole tumbo?"

"Waliniuliza kama nimewahi kupasuliwa tumbo, nikasema ndiyo."

"Kidole tumbo hakikai kifuani, baba."

Brashi akasema alikuwa kijana, alizinduka akakuta ameshashonwa, mwenye habari zote ni kaka yake. Kovu lile lilikuwa limeonwa na kila aliyevaa koti jeupe jengoni mle, na hakuna aliyelisoma. Mama Hadubini akajihesabu na yeye humo.

Akabakiza swali moja, la kawaida kabisa.

"Kabla hujaja kwetu, kuna mtu yeyote alikupa dawa? Kidonge, sindano, chochote?"

"Hapana."

Jibu lilitoka kabla swali halijatua. Brashi alikuwa mtu wa kufikiri kidogo kabla ya kujibu, hata ukimuuliza jina. Mama Hadubini akarudia swali polepole. Safari hii alijibu huku anatazama dirishani, na masikio yake, mahali pekee palipobaki na damu, yakawa mekundu.

"Sindano apigwe na nani?" mkewe akaingilia. "Huyu tangu wamtoboe ule mfupa anaogopa hata pini."

Kaka mkubwa alipatikana kwenye korido, amesimama kwa sababu kila benchi lina watu. Mama Hadubini alimuuliza habari ya kovu, naye akasimulia kwa kirefu, kama mtu aliyengoja miaka aulizwe: vidonda vya tumbo vilivyopasuka, mdogo wake akabebwa kwenye mlango uliong'olewa, madaktari wakakata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kuitupa. Waliwaeleza ndugu mambo mengine pia, ya kufuata baadaye. "Lakini mimi, Dokta, nilikuwa nawaza jeneza. Sikushika hata neno."

Hilo ndilo lililokosekana. Mfuko wa chakula ndio unaotoa kitu cha kuipokea B12. Ukikatwa, mtu anaishi kwa akiba iliyomo kwenye ini, miaka na miaka, mpaka siku akiba inakwisha. Miguu, ulimi, kovu, seli za mafungu sita: kila kitu kilielekeza kwa mhalifu mmoja. Na bado damu yenyewe, shahidi mkuu, ilikuwa imeapa kwamba B12 imejaa tele. Mama Hadubini alisimama pale koridoni akatamani kumpiga mtu teke, na kwa kuwa mtu wa karibu alikuwa kaka wa mgonjwa, asiye na hatia, akamshukuru kwa msaada wake na kuondoka haraka.

Palikuwa na njia moja ya kumbana shahidi huyo. Uboho wenye njaa ukipewa B12, kwa siku chache unalipuka kazi. Unamwaga kwenye damu chembe nyekundu changa kwa wingi. Chembe hizo huonekana kwa kuzipaka rangi ya buluu maalumu. Kama zingekuwa nyingi, ingekuwa na maana kwamba mtu huyu alikuwa na njaa, na kwamba kuna mkono uliomlisha kwa siri. Uboho wenye lukemia haulipuki hivyo hata ukiubembeleza.

Fundi wa maabara alimsikiliza, akatikisa kichwa.

"Rangi ya buluu imekwisha, Dokta. Nyingine iko njiani."

"Njiani wapi?"

"Njiani. Hapa kila kitu kiko njiani."

Alisema wodini wana mpaka rangi na maabara hawana rangi, akaona ni mzaha mzuri, akacheka. Mama Hadubini hakucheka. Akafungua kabati mwenyewe, akapekua chupa moja moja mpaka akakuta moja yenye masalia yaliyoganda chini. Akamwamuru fundi ayayeyushe, ayachuje, ayachanganye na damu mpya ya Brashi na kuipasha moto. Fundi akasema rangi imepitwa na wakati. Mama Hadubini akasema hata yeye amepitwa na wakati na bado anafanya kazi. Fundi akachukua chupa.

Wakati damu inanyonya rangi, alirudi kwa mke wa Brashi. Palikuwa na jambo moja alilolisikia bila kulisikiliza: tangu wamtoboe ule mfupa.

"Mfupa wa kuchukulia uboho alitobolewa wapi?"

"Kule hospitali ndogo tulikoanzia."

"Na damu ya vitamini?"

"Si mlimtoa hapahapa siku tulipolazwa."

"Katikati?"

Katikati, mke akaeleza, walirudishwa nyumbani kungoja kitanda. Walikaa zaidi ya wiki. Mama Hadubini akafumba macho. Slaidi ya uboho na jibu la B12 vilikuwa vimebanwa kwa pini moja kwenye faili moja, na kila mtu, na yeye akiwemo, alivisoma kana kwamba vilitoka kwenye mwili siku moja. Picha ya tukio ilipigwa mapema. Shahidi alihojiwa baadaye. Katikati pana wiki nzima ambayo hakuna aliyeiuliza.

Akauliza nani walikuja nyumbani wiki hiyo. Mke akataja: shemeji yake, vijana wa gereji waliokuja kusalimu na kula, jirani wa ukuta mmoja. "Na mama yangu, alikuja kunisaidia."

"Mama anafanya kazi gani?"

"Alikuwa nesi, sasa kastaafu. Mtaa mzima unakwenda kwake kupigwa sindano." Kisha akaona daktari anavyomtazama, akacheka kweli safari hii. "Dokta, usifike huko. Mama na huyu? Wakikutana mlangoni mmoja anarudi uani. Mama hajawahi hata kukaa kiti alichokalia mkwewe."

"Yuko wapi sasa?"

"Nje, kwenye benchi. Anakuja kila siku, haingii. Wodi ya wanaume, mkwe kalala na shuka tu, anaingiaje?"

Mama mkwe alikuwa amekaa wima kwenye benchi la nje, mtandio umeshuka mpaka nyusi, mikono imekumbatia kikapu cha vyombo. Alikuwa na ule mkao wa manesi wa zamani, waliofundishwa kwamba mgongo uliopinda ni uchafu. Mama Hadubini akamwamkia, shikamoo, akapewa marahaba, akakaa. Wakaulizana hali. Wakalalamikia jua. Mama mkwe akasema anamwombea mwanawe, maana mkwe ni mwana, ila hayo ya hospitali hayajui, yeye hajui lolote.

Mama Hadubini alikuwa amehoji watu wa kutosha kujua kwamba ukimgongea mtu wa namna ile mlango wa mbele, anaweka na komeo. Akapita wa nyuma. Akaanza kulaumu wapiga sindano wa mitaani kwa jumla: hawachemshi, hawajui kipimo, hawajui hata dawa. Akaona taya la mama mkwe linakaza.

"Kuna mjinga mmoja," akaendelea, "mgonjwa wetu kaishiwa damu, yeye kampiga ile ya njano, kisha anadhani katibu."

"Ya njano ni ya mchanganyiko wa vitamini," mama mkwe akasema kwa dharau. "Mtu amepauka vile unampiga njano ya nini? Mimi nilimpiga nye..."

Kikapu kikalia vyombo.

"Nyekundu," Mama Hadubini akamalizia taratibu. B12 ya sindano ni nyekundu kama sharubati.

Mama mkwe akakiweka kikapu chini. Kisha maneno yakamtoka bila kugeuza uso. Ugonjwa wenyewe hakuujua, asingesema uongo. Kila aliyechoka yeye humpiga nyekundu, na wengi huamka. Siku ile binti yake alikuwa sokoni. Mkwe alitoka kunawa, akaanguka ukutani, hakuna mwingine nyumbani. Alimwambia kupitia mlangoni kwamba atampiga sindano, naye kwa udhaifu akakubali. Mkwe alijifunika shuka kichwani, na yeye akageuza uso upande wa pili, akapiga kwa kupapasa. Kalio la mkwewe. Baadaye kila mmoja, akiwa upande wake wa ukuta, akaapa kwamba jambo lile halikutokea.

"Nikafikiri nimemsaidia," alisema.

"Umemsaidia," Mama Hadubini akajibu, na hasira na huruma zilimjia pamoja. "Umempa dawa yake. Kisha mkaificha, sisi tukapima damu tukaona dawa yako humo, tukasema huyu hana njaa. Sindano ile ile imemponya nusu na inataka kumuua mchana huu."

Akamweleza kuhusu dawa zinazosubiri kuchanganywa. Akamwomba aje kumwambia Mkuu. Mama mkwe akaushika mtandio kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu, niombe kingine. Nikaseme mbele ya binti yangu, mbele ya wanaume, kwamba nimemfunua mkwe wangu? Nenda ukaseme wewe. Mimi nitakataa."

Mficha maradhi kilio humuumbua, walisema wahenga, lakini wahenga hawakusema ufanye nini wawili wakificha pamoja na wote wawili ni waungwana.

Maabara, slaidi ilikuwa tayari. Fundi alikuwa ameitazama kwanza na hakuwa na mzaha tena. Mama Hadubini aliweka jicho. Chembe changa zilikuwa kila upande, na ndani yake nyuzi za buluu zimejisokota kama nyavu, nyingi kuliko alivyothubutu kutumaini. Uboho ule ulikuwa unafanya kazi mchana na usiku. Akaichukua slaidi na hadubini yenyewe, akaibeba mikononi mpaka ofisini kwa Mkuu, akaiweka juu ya mafaili yake.

Mkuu alitazama. Akanyanyuka, akatazama tena.

"Aliongezewa damu," akasema.

"Chupa moja. Damu iliyokaa kwenye friji haina chembe changa kiasi hiki."

"Kwa hiyo unasema kalishwa B12. Na nani?"

"Mama mkwe wake, kwa sindano. Kaniambia mwenyewe."

"Atakuja kuniambia mimi?"

"Kasema atakataa," Mama Hadubini akakiri. Mkuu akavua miwani, na kwa mara ya kwanza siku ile akaonekana mchovu. Alisema hawezi kusimamisha dawa za lukemia kwa neno la mtu atakayelikana, wakati mgonjwa na mkewe wamekana tayari, na rangi iliyotumika imepitwa na wakati. Alitaka kuisikia sindano ile kwa mwenyewe aliyepigwa. Wakaondoka pamoja.

Saa ya wageni ilikuwa bado haijaisha. Kando ya kitanda cha dirishani alikuwepo mke na kaka. Nesi alikuwa ameshavaa glavu. Mkuu alisimama miguuni pa kitanda akauliza waziwazi kama mgonjwa alipigwa sindano yoyote nyumbani.

"Hapana, Mkuu," Brashi akasema.

"Unaelewa dawa ninazotaka kukupa ni kali? Kwamba kama nimekosea unaweza usiamke?"

"Naelewa."

"Na hukupigwa sindano."

Brashi akamtazama mkewe, akamtazama kaka yake, akatazama dirisha. "Sikupigwa."

Siku nzima ya seli, makovu, kandambili na masalia ya rangi, na mtu mwenyewe anajifungia mlango kwa ndani. Mama Hadubini alifungua mdomo, akakuta maneno yaliyomjia ni yale ambayo daktari haruhusiwi kumwambia mgonjwa. Mkuu akamgeukia nesi.

Hapo ndipo wodi ikanyamaza, kuanzia vitanda vya mlangoni. Mama mkwe, kumbe alikuwa akisikiliza mlangoni, alikuwa anaingia. Aliingia kinyumenyume, mgongo mbele, uso umetazama mlango aliotokea, kikapu amekikumbatia, anapapasa njia kwa kisigino kati ya vitanda vya wanaume. Mtu mmoja akasogeza kiti ili asijikwae. Alipofika katikati akasimama, bado amewapa mgongo.

"Sindano nilimpiga mimi," akasema kwa sauti ya nesi anayekabidhi zamu. "Nyekundu, ampuli moja kamili, kalio la kulia, Ijumaa kabla hajalazwa hapa. Mwenye swali aniulize sasa."

Kisu cha kumenyea machungwa kilianguka sakafuni. Brashi akavuta shuka mpaka juu ya kichwa.

Mkuu aliuliza maswali mawili ya kitaalamu, akajibiwa sawasawa na ule mgongo. Kisha akamwambia nesi avue glavu, dawa zirudi stoo. Kesho asubuhi watatoboa uboho upya. Kama zile seli kubwa changa zimeyeyuka, basi hapakuwa na lukemia, kwa sababu lukemia haiyeyushwi na vitamini. "Na kama bado zipo, Dokta," alisema akiondoka, "usinijie tena na kandambili." Mama mkwe naye alikuwa ameshatoka, safari hii uso mbele, mbio.

Mama Hadubini akainua pembe ya shuka. Hasira ilikuwa haijamwisha.

"Ungekufa. Kwa neno moja ulilokataa kulisema."

"Dokta," Brashi akasema kutoka gizani humo, "kufa ni siku moja. Mkwe nitaonana naye maisha yote."

Nesi akarudi na ampuli nyekundu, maana hiyo hata Mkuu hakuikataza. Akauliza apige bega au kalio. Shuka likatulia kabisa.

"Kumbe inapigwa hata begani?" Brashi akauliza.

"Inapigwa," Mama Hadubini akasema.

Alitazama mlangoni. Hakuna aliyeonekana, ila pindo la mtandio lilikuwa limebaki kwenye ukingo wa ukuta, na sauti ikaja kutoka nyuma yake, ndogo, haina tena unesi ndani yake.

"Niliyaona mabega siku ile unanawa, baba. Hayakuwa na nyama. Nikalia kwanza, ndipo nikaenda kuchukua sindano."

Shuka likasogea, na Brashi akajigeuza mwenyewe, polepole, akalalia ubavu wa kushoto, kalio la kulia juu.